Mshonaji wa Dzaleka anayenyoosha milango ya magari

Saa moja na nusu asubuhi, jua la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, halijapata makali bado, na Antoinette Bisimwa amefumba macho. Amesimama ubavuni mwa pikapu ya kijivu iliyoegeshwa uani kwake, kiganja chake cha kulia kikipita polepole juu ya mlango wa dereva. Kati ya kiganja na bati ameweka kipande chembamba cha bitana, kitambaa kile kinachoshonwa ndani ya koti.

Kiganja kinasimama. Kinarudi nyuma kidogo. Anafumbua macho, anachukua chaki bapa ya mshonaji na kuchora duara dogo mahali ambapo mwandishi wa makala haya, aliyesimama hatua moja tu kutoka kwake, haoni kasoro yoyote.

"Hapa kuko kilima," anasema. "Macho inadanganya. Mukono haidanganye."

Anaingiza mkono wa kushoto ndani ya mlango, ambao umekwisha kuvuliwa plastiki zake zote, akiwa ameshika kipande cha chuma kizito kinachokaribia umbo la nusu ya mkate. Mafundi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hukiita ta. Anakibana nyuma ya bati, kisha kwa mkono wa kulia anaanza kugonga kwa nyundo ndogo yenye uso bapa. Hapigi kwa nguvu. Mlio ni mwembamba, kama wa kengele ya baiskeli.

Ghafla mlio unabadilika, unakuwa mzito. Kutoka ndani ya nyumba, ambako mlango uko wazi, inasikika sauti ya mwanaume, ya polepole.

"Chini."

Antoinette anashusha chuma chake kwa upana wa kidole kimoja. Mlio wa kengele unarudi. Mwanaume aliye ndani haioni pikapu wala nyundo. Amekaa kwenye kiti chake na anasikiliza tu.

Huyo ni mumewe, Théophile Wilondja, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, aliyefanya kazi ya kunyoosha bodi za magari kwa miaka ishirini na mitano kabla kiharusi hakijampokonya mkono wa kulia na maneno mengi. Leo mikono ni ya mkewe. Masikio bado ni yake.

Antoinette, mwenye umri wa miaka arobaini na mitano, hakuzaliwa katika nyumba ya mafundi wa magari. Alizaliwa Bukavu, katika mtaa wa Kadutu, na alijifunza ushonaji kwa masista akiwa msichana. Kitu kikubwa cha chuma alichokijua ni cherehani.

"Mi nilikuwa nashona nguo za ndoa," anasema, akipangusa chaki vidoleni. "Mume wangu akirudi nyumbani na mafuta kwa shati, tulikuwa tunagombana. Ile garaje yake nilikuwa naichukia kabisa."

Walikimbia Bukavu mwaka 2009, wakati Darlène, binti yao wa kwanza, alipokuwa na miaka mitatu. Kuhusu usiku walioondoka, Antoinette anasema neno moja tu, kwamba mlango wao ulivunjwa, kisha anarudi kwenye mlango ulio mbele yake. Walipita Tanzania, wakafika Malawi mwaka uliofuata, wakaandikishwa katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa.

Mwaka 2014 walihamia Lilongwe, wakapanga nyumba yenye ua mpana huko Nsungwi, Area 25. Théophile alinyoosha magari uani, Antoinette akashona barazani. Watoto wawili wa mwisho walizaliwa huko.

Kisha ikaja amri ya mwaka 2023 iliyowataka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Familia hiyo ilipanda lori ikiwa na magodoro mawili, cherehani na sufuria. Sanduku la vifaa vya Théophile lilibaki limefungiwa katika stoo ya mwenye nyumba, ambaye siku hiyo alikuwa safarini na ufunguo.

"Alilia juu ya ile sanduku," Antoinette anakumbuka, kwa Kiswahili cha kwao, ambamo 'juu ya' ni 'kwa sababu ya' na 'njo' ni 'ndiyo'. "Nyumba hakuililia. Sanduku njo aliililia."

Dzaleka waliyoirudia ilikuwa imejaa. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao elfu kumi sasa ina zaidi ya elfu hamsini. Walipata nyumba ya matofali ya udongo yenye vyumba viwili na, kwa bahati, ua unaotosha gari moja. Kwa miezi miwili ua huo ulikaa mtupu.

Siku moja ya Jumamosi, gari dogo jeupe likaingia taratibu likiyumba kwenye mashimo. Aliyeshuka ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Area 18 mjini Lilongwe, Gresham Mkwichi, mteja wao wa miaka mingi. Hapa uani kila mtu humwita Aphunzitsi, yaani mwalimu kwa Kichewa. Alifungua buti. Ndani kulikuwa na sanduku la Théophile.

Alikuwa amekwenda Nsungwi kumtafuta fundi wake, akaambiwa amehamishwa, akamwomba mwenye nyumba ampe vifaa.

"Gari langu ni la mwaka 1994," mwalimu huyo anaeleza. "Mtu anayelijua gari kama hilo huwezi kumwacha apotee hivi hivi. Nilimpelekea nyundo zake ili nami nisipotelewe na fundi."

Mwezi Agosti mwaka 2024, Aphunzitsi alikuwa akitoka Dowa Boma kumwona dada yake, mkokoteni wa ng'ombe uliposhuka kutoka shambani na kumgonga ubavuni. Hakuumia. Lakini mlango wa kushoto wa Corolla yake uliingia ndani kama bakuli, na madigadi ya mbele ikakunjamana. Hakurudi Lilongwe. Alilipeleka gari moja kwa moja Dzaleka, akaliacha, akarudi kwa minibasi.

Théophile alitumia siku mbili za kwanza kuvua plastiki, kioo na kitasa, na kulitazama bati kutoka ndani. Siku ya tatu, Antoinette alikuwa akishona sare za kwaya aliposikia nyundo ikianguka juu ya jiwe. Alingoja asikie mumewe akijilaumu, kama ilivyo desturi yake. Hakusikia kitu.

"Nilitoka nje nikamkuta amekaa chini, kama mutu anapumzika. Nikamwambia, Papa Darlène, inuka. Akaniangalia. Mdomo wake ilikuwa imekwenda upande moja."

Kliniki ya kambi ilimpeleka hospitali ya Dowa. Alikaa huko wiki tatu. Aliporudi, upande wa kulia ulikuwa hausogei, na maneno yalitoka moja moja, mengine hayakutoka kabisa. Binti yao alimwekea kiti karibu na mlango ili apate hewa. Mbele ya kiti hicho, umbali wa hatua nne, lilisimama gari la Aphunzitsi, mlango wazi kama jeraha lisilofungwa.

Kila asubuhi Théophile alilitazama. Kila jioni aliomba kiti kigeuzwe.

Mwalimu alikuja kumwona mgonjwa, akiwa na mikate miwili na sukari. Alikaa naye saa nzima. Alipokuwa akiondoka alimwita Antoinette pembeni, akazungumza kwa upole, akimwita Amayi, yaani mama kwa Kichewa.

"Amayi, msijisumbue na gari. Jumamosi nitakuja na mtu wa kulivuta. Nitatafuta fundi mjini."

Antoinette anasema hakufikiri. Maneno yalimtoka.

"Nikamwambia, Aphunzitsi, nipe Jumamosi mbili. Akaniuliza, kuna nini Jumamosi mbili? Nikasema, gari itakwisha. Hakuuliza nani ataimaliza, na mi sikumwambia."

Anapoulizwa kwa nini alisema hivyo, Antoinette anaitazama nyumba.

"Juu nilijua kama ile gari inatoka hapa bila kutengenezwa, na yeye atatoka. Atakuwa hapo kwa kiti, lakini atakuwa ametoka."

Asubuhi iliyofuata alifunga kanga kiunoni na kuchukua nyundo. Kutoka kwenye kiti chake, Théophile alitikisa kichwa. Kwa shida kubwa alitoa maneno manne: "Acha. Si... kazi... yako." Antoinette hakuacha. Mumewe akageuza uso ukutani.

Habari zilienea upesi, kama zinavyoenea Dzaleka. Majirani walijongea kwenye uzio. Madereva wa kabaza, baiskeli za kubeba abiria, walipunguza mwendo ili watazame. Mmoja aliuliza kama anashona kitufe au tundu. Jirani yake Hamissi, mchomeleaji wa vyuma kutoka Kindu, alikuja hadi uani.

"Nilicheka, siwezi kukataa," Hamissi anakiri leo. "Nilimwambia, Mama Darlène, ile chuma haina pindo. Ukiharibu utaifumua namna gani?"

Nusu siku nzima Antoinette aligonga bati kwa nguvu zake zote, bila chuma nyuma yake, akidhani kwamba mahali palipoingia ndani panahitaji tu kusukumwa nje. Kelele zilikuwa za kupasua masikio. Mwanaume aliyegeukia ukuta alivumilia, akavumilia, hadi uvumilivu ukamwishia.

"Unaua bati!"

Ilikuwa sentensi ya kwanza iliyokamilika tangu aanguke. Antoinette aliiacha nyundo, akaketi chini na kucheka huku machozi yakimtoka. Kisha akakigeuza kiti cha mumewe kikatazama gari.

"Basi nifundishe," alimwambia. "We sema, mi nitafanya."

Kusema ndiko kulikokuwa kugumu. Lakini waligundua njia upesi kuliko walivyotarajia. Chuma kikikaa sawasawa nyuma ya bati, nyundo hutoa mlio wa kengele. Kikihama hata kidogo, mlio hufa. Théophile hakuhitaji kuona, wala hakuhitaji sentensi. Neno moja lilitosha: juu, chini, kushoto, polepole. Neno lilipokataa kutoka, aligonga mkono wa kiti kwa kidole cha kushoto, na mkewe alijua kwamba amekosea.

Siku ya nne bakuli lilikuwa limetoka. Mlango ulirudi kuwa mlango. Antoinette aliita majirani waje waone.

Furaha hiyo haikufika jioni. Alipouegemeza mkono katikati ya mlango, bati lilizama kwa sauti ya pwak, kama mfuniko wa debe. Alipouondoa, likaruka nje tena: pwak. Zile nyundo za siku ya kwanza zilikuwa zimelitanua bati. Sasa lilikuwa kubwa kuliko mahali pake, nalo halikuwa na pa kukaa. Kila alipogonga zaidi, ndivyo lilivyozidi kulegea.

Alimwendea mumewe. Théophile alijua kosa na alijua dawa yake, lakini ilikuwa ndefu. Alihangaika na mdomo wake mpaka jasho likamtoka.

"Moto," alisema mwishowe. Kisha: "Maji."

Antoinette alidhani amechoka na anataka kuoga. Alipasha maji, akamletea beseni na taulo. Théophile alilitazama beseni, akamtazama mkewe, akalisukuma kwa mguu wake mzima. Maji yakamwagika uani. Kisha mwanaume huyo, ambaye watoto wake hawakuwahi kumwona akilia isipokuwa kwa ajili ya sanduku lile, akalia kwa sauti.

"Ile siku nilitaka kuacha," Antoinette anasema. "Si juu ya gari. Juu nilikuwa mimi njo ninamuumiza. Iko na kitu ndani ya kichwa yake na mi sina akili ya kuitoa."

Siku mbili hakugusa nyundo. Alirudi kwenye cherehani, kwani kwaya ilihitaji sare zake Jumapili. Ilibaki kuunga mikono ya sare mabegani.

Washonaji wanaijua kazi hiyo. Kichwa cha mkono wa koti hukatwa kikiwa kikubwa kidogo kuliko tundu la bega. Kitambaa kinachozidi hakikatwi. Hukusanywa kwa uzi, huwekwa kitambaa chenye maji juu yake, kisha pasi ya moto. Mvuke ukipanda, nyuzi husinyaa na kitambaa hurudi ndani ya nafasi yake, kimya, bila kukunjamana.

Antoinette alikuwa ameinua pasi ya mkaa mkononi alipoduwaa. Anasimulia kwamba aliitazama pasi, akakitazama kitambaa kilicholowa, mvuke ukipanda usoni mwake.

"Nikasema, Mungu wangu. Moto. Maji."

Alitoka mbio, pasi ikiwa bado mkononi, hadi mbele ya kiti cha mumewe.

"Papa Darlène, bati imezidi. Sitaigonga. Nitaiunguza, halafu nitaiwekea maji, irudi kidogo. Njo vile?"

Théophile alifumba macho. Alipoyafumbua, alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Njo vile," alisema. "Njo vile, njo vile."

Pasi isingetosha kwa chuma. Ulihitajika ulimi wa moto ulio mwembamba, na ulimi huo aliumiliki Hamissi. Alipoitwa, mchomeleaji huyo hakucheka tena. Alileta mitungi yake kwenye mkokoteni, akawasha, akapunguza moto hadi ukawa wa buluu na mdogo kama kucha. Théophile alionyesha mahali kwa kidole cha kushoto. Hamissi alichoma sehemu yenye ukubwa wa sarafu hadi ikawa nyekundu. Antoinette aliigonga mara nne, akiwa na chuma nyuma yake, kisha akaibandika tambara lililolowa. Mvuke ukapiga mluzi.

Walifanya hivyo mahali patano. Baada ya hapo Antoinette aliuegemeza mkono wake katikati ya mlango, akasukuma.

Bati halikusogea.

"Mi nimechoma vyuma miaka kumi na tisa," anasema Hamissi. "Najua kuunganisha. Kusinyaza bati vile sikuwa najua. Nilijifunza ile siku, na alinifundisha mushonaji na mugonjwa."

Jumamosi ya pili Aphunzitsi alishuka kwenye minibasi, akatembea hadi uani. Mlango ulikuwa umepakwa rangi na kurudishwa mahali pake. Madigadi ilikuwa bado imekunjamana. Alimsalimu Théophile kwanza. Kisha akauendea mlango, akapitisha kiganja, akachuchumaa atazame mwanga wa jua ukiteleza juu ya rangi. Akaufungua, akaufunga. Akaufungua tena. Ulifunga kwa sauti moja fupi, bila kusukumwa.

"Nani amefanya?" aliuliza.

Antoinette alifuta mikono kwa kanga na kusogea mbele.

"Mimi," alijibu kwa Kichewa. "Yeye ameongoza, mikono ni yangu. Sikukuambia ukweli, Aphunzitsi, na naomba unisamehe. Madigadi sijaigusa. Nilitaka uone mlango kwanza. Ukiukataa, uende na madigadi yako kama ulivyoileta."

Alichosema mwalimu, Antoinette anakikumbuka neno kwa neno.

"Nimesahihisha daftari za watoto miaka thelathini na moja. Kazi ya kunakili naijua nikiitazama. Hii si ya kunakili." Kisha akaongeza: "Nitarudi baada ya wiki mbili kuchukua madigadi yangu. Na siku nyingine, Amayi, niambie ukweli mapema. Ningekubali vilevile, ila ningelala vizuri zaidi."

Mwandishi wa makala haya aliiona Corolla hiyo Area 18, chini ya kivuli cha paa la nyumba ya mwalimu. Kwa anayejua pa kutazama, mlango wa kushoto ni mweupe kidogo kuliko gari lenyewe. Antoinette hakupata rangi iliyofifia kwa miaka thelathini. Mwalimu amekataa kupaka upya.

"Watu wakiniuliza kwa nini mlango ule umetofautiana, napata nafasi ya kuwasimulia," anasema. "Nimewapeleka Dzaleka watu saba kwa njia hiyo."

Tangu wakati huo Antoinette hajakosa gari uani zaidi ya wiki moja. Hupokea matatu au manne kwa mwezi, mengi yakiwa ya zamani, ya watu wa Dowa, Mponela na Lilongwe ambao hawana uwezo wa kununua mlango mpya. Kwa mlango mmoja huchukua kati ya kwacha elfu arobaini na elfu sitini, nusu ya hiyo ikienda kwa rangi, msasa na gesi ya Hamissi. Kinachobaki, anasema, ni zaidi ya alichokuwa akipata kwa cherehani, na kimeziba pengo lililoachwa na mgawo wa chakula uliopungua.

Si kazi nyepesi. Mvua za Januari huharibu rangi ambayo haijakauka, naye hana paa la kufunikia gari. Hawezi kumfuata mteja mjini bila kibali cha kutoka kambini, kwa hiyo kazi humpita kila gari linaposhindwa kutembea hadi kwake. Mabega humuuma. Kidole chake cha shahada cha kushoto kiliwahi kukatwa na ukingo wa bati, na hakikunjiki vizuri tena, jambo linalomsumbua zaidi anaposhona.

Kwa maana bado anashona. Asubuhi ni ya bati, mchana ni wa kitambaa. Cherehani iko dirishani, hatua chache kutoka mahali pa gari, na wateja wa kila upande wamezoea kusubiriana. Siku ya mahojiano haya, msichana aliyekuja kupimwa gauni la arusi alisimama akikunja pua kwa harufu ya rangi. Antoinette alinawa mikono kwa parafini, kisha kwa sabuni, kisha kwa sabuni tena, ndipo akamgusa begani.

Mzaha haujaisha kabisa. Kuna wateja wanaoingia uani, wakamwona, wakauliza fundi yuko wapi. Antoinette hawabishii. Huwaambia waketi na Théophile wamngoje fundi, halafu anaendelea kugonga. Wengi hutambua wenyewe kabla ya chai kwisha.

Théophile naye hayuko tena pale alipokuwa mwaka jana. Anatembea kwa fimbo hadi uani. Sentensi zake zimerefuka. Mkono wa kulia haujarudi, lakini wa kushoto unajifunza. Hupiga msasa sehemu za chini za milango akiwa amekaa, na hapendi kusaidiwa. Alipoulizwa kama ilikuwa vigumu kumwona mkewe akishika nyundo zake, alikuwa ametoka kwa fimbo hadi uani, akaweka msasa chini.

"Mwanzo, haya," alisema. "Nilikuwa na haya. Sasa..." Alitafuta neno, akamwangalia mkewe aliyekuwa ameinama juu ya pikapu. "Sasa nasikia vizuri."

Katika kazi hii yote, kitu kimoja humkera Antoinette: mumewe alinyoosha magari robo karne na hana hata karatasi moja inayosema kwamba ni fundi. Walipofika Malawi, alipoulizwa ujuzi wake, aliandikiwa "hana".

"Mutu anaweza kukimbia na mikono yake," anasema. "Lakini kule anafika batamuuliza papier. Mi nataka papier. Kama tutabaki hapa, niwe nayo. Kama siku moja tutarudi Bukavu, niwe nayo. Kama ni kwenda mbali zaidi, niwe nayo."

Kwa sababu hiyo amejiandikisha kufanya mtihani wa ufundi wa ngazi ya kwanza, katika fani ya bodi za magari, utakaofanyika Lilongwe mwezi Novemba. Ameomba kibali cha siku tatu cha kutoka kambini na bado anasubiri jibu. Sehemu ya vitendo haimtishi. Sehemu ya kuandika ni ya Kiingereza, na hiyo inamnyima usingizi. Kila Jumatano na Ijumaa, Darlène, aliyemaliza sekondari hapa kambini, humsomesha majina ya vifaa na kanuni za usalama huku mama akichambua maharage.

Anakwenda ndani na kurudi na fomu ya maombi, iliyotunzwa kati ya karatasi mbili za vipimo vya gauni. Ameijaza mwenyewe kwa herufi kubwa, zilizonyooka kama mshono. Panapoulizwa chuo alichosomea, ameandika: Nyumbani, Dzaleka. Karani aliyeipokea alimwambia kwamba hilo si jina la chuo. Antoinette alimjibu kwamba hana jingine, na karani, baada ya kumtazama kidogo, akagonga muhuri na kumrudishia nakala.

Mstari unaofuata unauliza jina la mwalimu. Hapo ameandika la mumewe, na kati ya herufi mbili za mwanzo kuna nyingine ndogo iliyochomekwa baadaye kwa wino wa rangi tofauti.

"Nilimsomea kabla ya kuipeleka," anaeleza Antoinette. "Nikamwambia, angalia, nimekuandika wewe. Akashika karatasi, akakaa nayo, akakaa nayo. Nikafikiri analia. Kumbe anasoma."

Kutoka kwenye kiti chake, Théophile anainua kidole cha kushoto, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu kwa ule upande wa uso unaomtii.

"Kuko H," anasema. "Alisahau H yangu."